Prezida wa vijana mwenye mvi

Siku ile tulikuwa watu kama arobaini chini ya payoti, pembeni ya barabara ya Ituri, nje kidogo ya mji wetu wa Kisangani. Ilikuwa sikukuu ya chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe. Mwongozaji wa sherehe akaita: "Sasa tunamkaribisha prezida wa seksioni ya vijana!" Akasimama baba mmoja, akajishika kiuno, akavua miwani, akatafuta karatasi yake ndani ya koti. Mvi zilikuwa zimekwisha kushuka hata kwenye ndevu. Huyu bwana namfahamu vizuri. Tulisoma masomo moja, mimi nilikuwa kelasi moja nyuma yake. Ana miaka 47. Mimi mwenyewe niko na 46, na hakuna mtu hapa duniani anayeniita kijana isipokuwa mama yangu.

Akasoma: "Sisi vijana tunawashukuru wazee wetu..." Na vijana wenyewe? Walikuwa nyuma, chini ya mwembe, kumi na tisa kwa hesabu yangu. Ndio waliobeba viti tangu asubuhi. Ndio waliochota maji. Kisha hotuba wakaitwa waimbe.

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, na haya ndiyo yananisukuma kuandika, sababu nilipiga makofi kwa jambo ambalo nilijua ni uongo.

Sitataja jina la chama. Anayekijua atakijua, na asiyekijua anaweza kuweka hapo chama chake mwenyewe, cha kabila, cha parokia, cha mtaa, na maneno yatamfaa vilevile. Lakini nataka kusema juu ya ng'ombe, si juu ya vyama vyote, kwa sababu katika jambo la ng'ombe uongo wetu unaonekana wazi kuliko mahali pengine. Wanaotunyima kiti cha vijana wanasema ni asili ndiyo inayokataza. Asili gani? Hapo ndipo nawangoja.

Tuseme ukweli. Hapa kwetu Tshopo hatuna asili ya ng'ombe. Babu zetu walikuwa watu wa mto na wa pori. Wagenia wako na mitego yao katika maporomoko. Walokele wako na mitumbwi na ngoma ya kupeleka habari. Wakumu, Wambole, Babali, Walengola, Waturumbu, kila mtu na mashamba yake, mbuzi wake, kuku wake, nyavu zake za kuwindia. Ng'ombe hakukaa hapa kwa sababu ya mdudu mmoja mdogo: mbung'o, ile nzi ya tsetse. Mleta ng'ombe wa nundu kutoka milima ya Ituri, umshushe mpaka kwenye pori letu, na mara nyingi utaona: kwanza manyoya yanasimama, macho yanatoa machozi, anakonda hata akila, jike linatupa mimba, mwisho analala na haamki. Ni ugonjwa wa nagana, ndugu ya ule wa usingizi wa watu. Kwa hiyo ng'ombe tuliyemzoea hapa ni yule wa machinjoni, aliyetoka mbali, akatembea ao akapandishwa kwenye lori, karibu kilometa 700 kutoka Bunia, na hakuja kuishi. Alikuja kuliwa.

Sasa kuko aina moja inayovumilia ugonjwa ule. Ni N'Dama, ng'ombe mfupi, asiye na nundu, rangi ya mchanga wa mto, pembe zimepinda vizuri. Asili yake ni Afrika ya magharibi, kule Fouta Djallon katika inchi ya Guinea, na Wabelgiji ndio waliomleta Kongo, hasa upande wa Bas-Congo, wakamweka kwenye mashamba makubwa ya kampuni. (Wanafunzi wangu wanacheka kila mara: "Prof, ndama wa N'Dama tunamwita namna gani?" Nawaambia wamwite jina lake, hata ng'ombe anastahili jina.) Kuvumilia si kutougua kabisa, inafaa kusema hivyo. N'Dama naye anaweza kuugua akichoka, akikosa majani mazuri, ao akikaa mahali penye mbung'o nyingi sana. Lakini anaweza kuishi na kuzaa hapa ambapo ng'ombe wa milimani anaanguka.

Chama ninachosema kilianzishwa kwa kusudi hilo: kufuga N'Dama karibu na mji, kutunza damu ya aina hiyo isichanganyike ovyo, na kukopesha mitamba kwa wanachama kwa masharti yale tunayoita metayaji, yaani mtu anapewa majike na dume moja, anachunga, kisha miaka anarudisha idadi ileile kwa mwingine, wanaozidi wanabaki vyake. Ni shauri zuri. Kongo imelifahamu tangu zamani, na jirani zetu wa Rwanda tangu mwaka 2006 wako na lao, Girinka, ambapo aliyepewa ng'ombe anatoa ndama jike wa kwanza kwa jirani. Mwaka 2021 wakubwa wa chama waliniita, juu mimi ni mwalimu wa biolojia, wakasema: "Prof, tusaidie kuunda seksioni ya vijana. Wafadhili wanapenda kuona vijana." Ningesikia vizuri neno lile la mwisho, ningebaki nyumbani.

Tukaunda. Watoto wa wanachama, wanafunzi wa masomo tatu, na wawili waliokuwa wanaendesha toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, ambao walikuja kwa udadisi tu na wakabaki. Mwanzo tulifanya kazi moja, tukaifanya vizuri: daftari.

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana wengi hawaelewi chama cha aina ya ng'ombe ni kitu gani. Si chama cha kula nyama, si chama cha wenye mali. Moyo wake ni daftari la ukoo. Waingereza walichapisha daftari la namna hiyo mwaka 1822, la ng'ombe wanaoitwa Shorthorn, na tangu hapo chama chochote cha aina ya ng'ombe kinasimama juu ya daftari: huyu ni nani, baba yake nani, mama yake nani, alizaliwa lini, aliugua nini, alizaa mara ngapi. Bila daftari, kwisha miaka mitano dume analala na binti zake, ndama wanazaliwa wadogo, majike wanakawia kushika mimba, na watu wanasema ni uchawi wa jirani. Nimeyasikia maneno hayo ya uchawi kwa masikio yangu, yakisemwa na mtu mwenye diploma.

Daftari letu lilishikwa na binti mmoja wa kelasi ya tano ya pedagojia. Sitamtaja jina. Baba yake hana hata mbuzi. Kila siku ya Posho, ni kusema Jumamosi, alitembea kwa miguu mpaka zizini, na kalamu mbili, moja ya bluu na moja nyekundu. Nyekundu ilikuwa ya magonjwa. Kisha miezi minane akanifuata kelasini, akafungua ukurasa, akaniambia: "Papa Prof, tazama. Bale bote baliogonjwa, bachungaji balibapeleka kunywa maji kule chini, kwenye kijito cha ndani ya pori. Bale banaokunywa kwenye kisima, hakuna hata moja." Nikatazama. Ilikuwa kweli, wino mwekundu wote ulianguka upande mmoja. Mbung'o wa aina ya kwetu anapenda kivuli cha kandokando ya maji, hilo mimi nilikuwa nalifundisha ubaoni kila mwaka, na sikuwa nimefikiri hata siku moja kuuliza ng'ombe wetu wanakunywa wapi. Binti wa miaka 17 aliuliza. Wachungaji wakabadilisha njia, kichaka cha kando ya kijito kikakatwa, na wino mwekundu ukapunguka.

Sasa niambie, ndugu msomaji, katika jambo la ng'ombe hapa Kisangani, mzee ni nani? Mwenye mvi ao mwenye daftari?

Mwaka 2022 ukafika uchaguzi wa seksioni. Statuti ilisema wazi: vijana kati ya miaka 14 na 25 wanachagua komite yao. Walikuwa 23 siku ile. Walimchagua yule binti kwa kura 17. Sekretere wa chama akaandika PV. Baada ya juma moja tukaitwa. Mzee mmoja, ambaye namheshimu na nitaendelea kumheshimu kwa mambo mengine, akasema: "Prof, asante kwa kazi. Lakini asili yetu haikubali. Mtoto hasemi mbele ya wazee. Na tena mtoto mwanamuke? Ng'ombe ni jambo la wanaume." PV ikakaa katika droo. Mwezi uliofuata tukasikia kwamba seksioni imepata "kiongozi mwenye hekima". Ndiye yule mwenzangu wa masomo, mpwa wa mmoja wa washauri. Binti akaambiwa atakuwa "mshauri wa protokole". Yaani kubeba maua.

Hapo ndipo ninapokasirika, na sitaki kujificha. Mtu akiniambia, "Sitaki vijana watawale, nataka kiti kwa mpwa wangu," nitamwelewa. Ni tamaa, tamaa ni jambo la binadamu. Lakini akichukua asili ya mababu kufunikia kiti cha mpwa wake, anatukana mababu. Ng'ombe hakuwa nao, babu yako! Aliweka sheria lini juu ya nani aongoze zizi ambalo hakuwahi kuliona? Katika kazi hii ya ng'ombe hapa kwetu sisi wote ni watoto. Wengine ni watoto wenye mvi, basi.

Na ukitaka kweli kusema juu ya asili, tuseme. Wababali walikuwa na mambela. Wambole walikuwa na lilwa. Walokele walikuwa na libeli. Wagenia walikuwa na tohara yao kubwa ambayo ile ya mwaka 1970 iliandikwa katika kitabu na Mholanzi mmoja, André Droogers, aliyekuwa hapahapa Kisangani. Sitasema zote zilikuwa sawa, wala sitasema kila kitu kilichofanyika mle kilikuwa kizuri, kuko mambo makali ambayo mimi nisingetaka kwa mtoto wangu. Lakini kusudi lilikuwa nini? Mtoto aingie, mtu mzima atoke. Akitoka, kijiji kinamtegemea. Hawakumtoa porini wakamwambia: "Vizuri, umekomaa, sasa kabebe viti mpaka ufikishe miaka 50." Nenda leo Wagenia utazame. Kijana anapanda juu ya ile miti mikubwa iliyosimikwa katikati ya maji makali, anashusha mtego mkubwa wa fito, anaupandisha. Hakuna mzee anayemshikia mkono pale. Wazee wako kando, wanatazama, wanashauri, wanapiga kelele akikosea. Ile ndiyo asili ninayoifahamu: mkubwa anakaa kando, mdogo anashika kamba.

Wengine watajibu: hiyo ni ya wavuvi, twende kwa wenyewe wenye ng'ombe. Vizuri, twende. Wamasai wa Kenya na Tanzania, ambao hakuna mtu atakayewafundisha kitu juu ya ng'ombe, wako na marika. Vijana waliotahiriwa wakati mmoja ni rika moja, lina jina lake, na lina msemaji wake, anayeitwa olaigwanani. Anatoka katika rika lenyewe, angali kijana. Wazee wanashauri katika kumchagua, ndiyo, na anapewa rungu jeusi kuwa alama. Lakini hawampelekei mjomba wao wa miaka 47 aje kuwa kijana kwa nguvu. Na jambo linalonipendeza zaidi: anaendelea kuwa msemaji wa rika lile wanapokua, wanapooa, wanapozeeka pamoja. Kwa hiyo wazee wanaoongoza kule walianza kujifunza kuongoza wakiwa na miaka ishirini. Sisi hapa tunataka mtu aanze kujifunza uongozi siku ileile anapoanza kusahau majina ya wajukuu.

Hata mbali sana, huko Marekani, watoto wa wafugaji wa Angus na wa Hereford wako na vyama vyao vya vijana ndani ya vyama vya aina hizo. Mtoto anaandikisha ng'ombe kwa jina lake mwenyewe katika daftari, anampeleka mwenyewe kwenye maonyesho, na komite inachaguliwa na vijana wenyewe, miongoni mwao. Akipita umri, anatoka, anampisha mwingine. Ni watu matajiri, wako na barabara na madaktari wa mifugo, sitaki tuwaige kila kitu. Lakini tazama mambo matatu yale: ng'ombe wake, kura yake, na mlango wa kutokea. Je, yanahitaji dola? Kenya nao wako na 4K Club katika shule, tangu wakati wa uhuru wao, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na mwaka 2021 serikali yao ikazifufua. Ni watoto wa shule ya msingi hao, na wanapewa shamba la kusimamia.

Lakini juu ya nini niende mbali? Katika mji huu wetu alikuwako karani mmoja wa posta, alifika hapa Stanleyville mwaka 1944, kijana wa miaka 19. Kabla ya kutimiza miaka 30 alikuwa amekwisha kuongoza vyama kadhaa vya hapa, kati yavyo APIPO, chama cha watumishi wa posta wenyeji. Mkutano baada ya mkutano, barua baada ya barua, PV baada ya PV, hapo ndipo alipojifunza kusema na watu na kuhesabu kura. Alikuwa waziri mkuu wa inchi yote akiwa na miaka 34. Kila tarehe 17 ya mwezi wa kwanza tunavaa vizuri kumkumbuka Lumumba, na wazee wale wale wanatoa hotuba. Angekuwa mwanachama wao leo, wangempa protokole. Na Joseph Kabila alikalia kiti cha raisi mwezi wa kwanza wa 2001, alikuwa na miaka 29. Usinielewe vibaya, sisemi alitawala vizuri ao vibaya, hayo ni ya kitabu kingine. Nasema tu kwamba inchi ilikubali, na Katiba ya 2006 inakubali mtu wa miaka 30 agombee uraisi. Kongo nzima inaweza kupewa mtu wa miaka 30, lakini ng'ombe kumi na moja wa barabara ya Ituri, hapana, ni hatari!

Sasa nieleze yaliyotokea, ili mtu asiseme nagombana juu ya cheo tu.

Siku ya sherehe ile ya kwanza vijana walipewa mtamba mmoja. Picha zikapigwa, mtamba akavikwa utepe. Waliambiwa: "Huyu ni wenu, akizaa tutaanza zizi la vijana." Walimpa jina Matumaini. Walikata majani zamu kwa zamu, hata wakati wa mitihani ya serikali. Binti aliendelea kuandika daftari hata kisha kunyimwa kiti, jambo ambalo mimi katika umri wake nisingefanya. Mwaka 2024 Matumaini alikuwa na mimba. Mwezi wa tano mmoja wa wakubwa akafiwa, kukawa matanga, wageni wengi, na nyama ikakosekana. Posho moja vijana wakafika zizini, kamba iko, ng'ombe hayuko.

Wakamwendea prezida wao. Unajua alijibu nini? "Wanangu, mimi pia nimeumia, lakini ningesema nini mbele ya wazee?" Hili neno nimelirudia kichwani mara nyingi. Prezida wa vijana, miaka 47, hawezi kusema mbele ya wazee! Basi yule binti wa miaka 17 alikuwa amekatazwa kwa sababu hawezi kusema mbele ya wazee, na wakamweka mahali pake mtu ambaye naye hawezi. Kumbe hawakumchagua kwa sababu ana hekima. Walimchagua kwa sababu anajua kunyamaza.

Mimi naye sikusafika. Nilikuwako kwenye matanga. Nilikula. Sikuuliza nyama inatoka wapi.

Baada ya hapo wale kumi na tisa walibaki saba. Wawili wa toleka walirudi kwenye baiskeli zao, mmoja wao sasa ako na pikipiki ya mtu. Watatu walienda kwenye machimbo ya almasi na dhahabu. Sitasema wamepotea, kuna wanaorudi. Lakini nakumbuka mwezi wa pili wa 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola ulipoanzia Lubunga, ng'ambo ya mto, juu ya udongo. Nyumba zilichomwa, watu walikimbia mashamba, wengine walivuka mto na mikeka tu. Shauri la udongo ule lilitokea mezani, kwa watu wazima. Na walioshika mishale na mapanga walikuwa wa umri gani? Walikuwa wa umri wa wanafunzi wangu. Siku zile hakuna aliyesema kwamba asili haikubali mtoto atangulie mbele ya wazee. Kijana ni mdogo sana kushika daftari la ng'ombe, lakini si mdogo kushika upanga. Ituri kule, tangu vita ya 1999 mpaka mashambulizi ya Djugu yaliyoanza tena mwisho wa 2017, ng'ombe wameibiwa na kuchinjwa kwa makundi, na wanaotumwa kufanya hivyo, mara nyingi ni vijana ambao hawana ng'ombe hata moja wa kupoteza.

Najua majibu. La kwanza: vijana watakula feza. Labda. Lakini katika miaka hiyo yote ng'ombe mmoja ndiye aliyeliwa kinyume cha statuti, na hakuliwa na vijana. La pili: mtoto chini ya miaka 18 hawezi kutia saini, sheria ya familia inasema. Kweli kabisa. Basi saini ya benki itiwe na mkubwa, na kura ibaki ya mtoto. Hayo mambo mawili hayagombani. Chama ni cha sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001 juu ya vyama visivyotafuta faida, kina statuti, na statuti ikisema 14 mpaka 25, miaka 47 haiingii mle hata ukiikunja. La tatu nililisikia kwa mwenzangu mwenyewe, yule prezida, tulipokutana kwenye kivuko. Aliniambia, bila hasira: "Yaya, unafikiri ninapenda? Mimi tangu zamani nangoja kiti cha wakubwa. Hawanipi. Wamenipa hiki cha vijana." Nikakosa jibu. Kumbe naye ni kijana aliyenyimwa, ila yeye amenyimwa kwa muda mrefu zaidi, akakaa juu ya wengine kwa kukosa pa kukaa. Nilimwonea huruma, na bado nasema: atoke.

Mkutano mkuu wa chama uko mwezi wa saba. Nimepeleka barua, na nakala imewekwa mlangoni pa masomo. Ninaomba PV ya 2022 itolewe katika droo na isomwe kwa sauti. Ninaomba uchaguzi ufanywe upya na walio chini ya miaka 25 peke yao, na daftari la ukoo likabidhiwe kwa komite watakayoichagua, na hakuna ng'ombe atakayetoka zizini, kwa matanga ao kwa ndoa ao kwa mgeni wa Kinshasa, bila saini yao kwenye ukurasa wake. Na chama kiwarudishie mtamba mmoja mwenye mimba. Sio zawadi, ni deni.

Binti amemaliza masomo ya sekondari, sasa anasoma mambo ya mifugo, hapahapa mjini. Bado ako chini ya miaka 25. Nilimwuliza kama atasimama tena katika uchaguzi. Akacheka, akasema: "Papa Prof, nitafika tu kama bananiachia kalamu nyekundu."

Daftari liko kwangu, mezani. Kurasa 94. Kwenye ukurasa wa Matumaini mstari wa mwisho umeandikwa na wino wa bluu: mimba, miezi sita. Mwanachama yeyote anayetaka kulisoma kabla ya mkutano anaweza kupita kwangu jioni, kisha saa kumi na moja. Atasomea pale pale barazani. Kulibeba kwenda nalo nyumbani, hapana.